Pingamizi la Tarehe

Watu wa Kosele watakuambia kwamba Celestine Adero ana roho mbaya, na usibishane nao. Anayo. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni kwa gorogoro, kopo la kupimia, la kwake mwenyewe, na ole wako umwombe akuongeze kiganja. Ukipishana naye njiani hakuulizi umeamkaje. Anakutazama tu kana kwamba umemfichia kitu. Lakini roho hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa neno moja la Kiswahili alilolielewa vibaya, na mimi simtetei wala simlaumu mpaka ulisikie neno lenyewe.

Neno ni dirisha.

Miaka kumi na sita iliyopita Celestine alichumbiwa na Austine, dereva wa trekta la kuvuta miwa kule Awendo. Kanisa likasema, kama linavyosema hadi leo, kwamba hakuna ndoa bila kipimo cha virusi vya ukimwi. Wakaenda wote wawili. Wakachomwa kidole, wakakaa kwenye benchi, wakaitwa ndani wakaambiwa hawana. Mshauri alikuwa msichana wa kutoka pwani, Kiswahili kinamtiririka, akamaliza kwa kusema, "Lakini kuna dirisha. Mrudi baada ya miezi mitatu."

Celestine alikuwa amelelewa kwa Dholuo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia samaki. Dirisha alilolijua yeye hospitalini ni lile lenye nondo, ambapo unapanga foleni na kupitisha mkono: dirisha la kadi, dirisha la dawa. Akaelewa kwamba kuna dirisha jingine la kurudia, labda la kuchukua karatasi yenye muhuri mkubwa zaidi. Walipotoka nje akamuuliza Austine. Austine akajibu haraka, "Dirisha gani tena? Karatasi si tumeshapewa?" Hawakurudi.

Mwaka uliofuata, kwenye kliniki ya wajawazito, tone la damu la kidole kile kile likasema mengine. Muuguzi akamuuliza kama walirudia kipimo baada ya kile cha kwanza. Celestine akasema hapana, hawakuambiwa dirisha lenyewe liko upande gani wa hospitali. Yule muuguzi aliweka kalamu chini. Akamweleza kwamba dirisha ni siku, si mahali. Kipimo cha kidole hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawatuma kupigana naye, na mwili huchelewa kuwaita. Wengine huwaita baada ya wiki tatu, wengine hadi miezi mitatu. Katika siku hizo mtu anaye mdudu, anaambukiza, na kipimo kinasema hana. Kumbe Austine alikuwa na mwanamke mwingine Awendo, wiki tatu kabla ya kupimwa.

Mtoto alizaliwa salama kwa sababu ya dawa, na sasa yuko shule ya bweni. Austine dawa alizikataa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, naye alizikwa kabla mtoto hajaota meno yote. Celestine anameza zake kila siku bila kukosa, na virusi vyake vimefifia hata kipimo hakivioni tena. Kwa afya anawashinda wengi wanaomnyooshea kidole. Kilichobaki kwake si ugonjwa. Ni hasira.

Tangu hapo kila msichana aliyetangaza uchumba Kosele aliulizwa na Celestine swali moja: mlipimwa lini, na miezi mitatu kabla ya hapo mwenzako alikuwa na nani? Unaweza kufikiria alivyopendwa. Alitolewa kwenye kamati za harusi moja baada ya nyingine, mpaka wakaacha hata kumwalika kupika.

Kisha ikaja zamu ya Valary.

Valary ni binti wa Obare, kaka yake Celestine, kwa hiyo Celestine ni waya kwake, shangazi wa upande wa baba, na kwa Waluo waya si mtu wa pembeni katika ndoa. Msichana mwenyewe ni mwalimu wa chekechea, mtaratibu, mwenye kucheka kwa kufunika mdomo. Mchumba wake ni Cephas, kijana wa Nyatike anayefanya kazi kwenye kinu cha kusaga mawe ya dhahabu Macalder. Harusi ilipangwa tarehe ishirini na moja Septemba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwa Obare. Cheti cha kipimo kilikuwa ofisini kwa Mchungaji Momanyi, kimeandikwa tarehe kumi na tisa Agosti, wote wawili hawana. Safari hii hata Celestine aliridhika, maana Cephas alimwambia macho makavu kwamba hajamgusa mwanamke tangu mwaka juzi.

Kila Alhamisi Celestine hupeleka omena Macalder kuwauzia wachimbaji. Alhamisi ya kwanza ya Septemba alikula kwa Bhoke, mama wa Kikuria mwenye kibanda cha ugali karibu na vinu, akataja kwamba anataka kuondoka mapema, ana kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yake na Cephas wa hapa.

Bhoke akaacha kusonga ugali. "Cephas gani? Huyu wa kinu cha chini, mwenye pengo?"

"Huyo huyo."

"Anaoa?" Bhoke akacheka, lakini uso haukucheka. "Mimi si aliniambia atanijengea! Ati nyumba ya mabati!"

Mtu mwingine angeuliza kwa nini, au angeanza kulia, au kutukana. Celestine aliuliza, "Lini?"

"Lini nini?"

"Mlikuwa pamoja lini? Mara ya mwisho."

"Siku mkanda wa kinu ulikatika, hakukuwa na kazi. Jumapili. Tarehe tatu Agosti."

"Kwa mpira?"

"Mpira gani? Alisema yeye ni mtu wa kanisa."

"Na wewe umepimwa?"

Bhoke aliunyanyua mwiko. "Damu yangu si ya kanisa lenu. Lipa ugali wako uende."

Celestine alilipa akaenda, na njia nzima alikuwa anahesabu kwa vidole. Tarehe tatu hadi kumi na tisa ni siku kumi na sita. Askari wa mwili walikuwa bado wamelala.

Alianzia kwa kaka yake, akamkuta zizini.

"Nyaminwa, dada yangu, cheti kimeandikwa hana," Obare akasema kabla hajamaliza kusikiliza. "Kiingereza nakijua. Negative. Hana."

"Hiyo karatasi inasema habari za Mei, omera, ndugu yangu. Ya Agosti haijayaona. Apimwe tena baada ya miezi mitatu, tarehe tatu Novemba iwe imepita. Harusi ingoje."

"Ingoje? Na hawa ng'ombe niwaambie wangoje?"

"Ng'ombe hawaambukizwi."

Obare akalifunga lango la zizi. "Nyani haoni kundule," akasema. "Wewe ulishindwa kujua mume wako analala wapi, leo unataka kujua wa mtoto wangu. Toka kwa boma langu."

Valary naye alimwendea Cephas na habari hizo, Cephas akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni uongo wa wanawake wa machimboni. Valary akarudi kwa waya wake na macho mekundu. "Watu waliniambia utafanya hivi," akasema. "Nikakutetea. Waya, mimi ndiye nilikutetea."

Sasa, kuna mtu angeishia hapo. Amesema, hakusikilizwa, maji yaliyomwagika si yake. Celestine hakuishia hapo. Jumamosi ilikuwa Sabato ya tatu ya kutangaza ndoa, na Mchungaji Momanyi aliposoma majina ya wachumba na kusema mwenye pingamizi asimame, aliyavuta maneno kama mtu anayejua hakuna atakayesimama. Celestine akasimama.

Kanisa zima likageuka. Mama mmoja nyuma yake alimvuta sketi aketi. Celestine akaiondoa ile sketi mkononi mwa yule mama.

"Pingamizi lako ni nini, dada?" Mchungaji akauliza, na sauti haikuwa ya Sabato.

"Pingamizi langu ni tarehe," Celestine akasema. "Yaliyobaki nitasema ofisini."

Alikaa chini. Hakutaja ugonjwa, hakutaja mwanamke, na kwa hilo nampa haki yake. Lakini Kosele nzima ilijua Celestine huuliza tarehe za nini, na kabla wimbo wa kufunga haujaisha, watu walikuwa wameshamzika Cephas.

Ofisini walikuwa watano: Mchungaji, Obare, Cephas, Valary na Celestine. Mchungaji Momanyi ni Mkisii mpole, hapendi kelele, na alijaribu kuifunga kesi kwa methali. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, dada Celestine. Tunakuelewa."

"Mchungaji, unyasi sijauona. Nimeona nyoka. Aliniuzia ugali."

"Huyu mama ni mwongo!" Cephas akafoka. "Hata simjui huyo muuza ugali! Ametumwa!"

"Tarehe tatu Agosti," Celestine akamwambia. "Siku mkanda wa kinu ulikatika."

Cephas alifungua mdomo akaufunga. Ni kitu kidogo, lakini Valary alikuwa anamtazama, na Valary alikiona. Hakuna aliyemuuliza tena kama ni kweli.

"Siku tatu!" Celestine akapiga meza ya kanisa. "Siku tatu ulikuwa nazo! Ungekwenda hospitali yoyote ndani ya siku tatu, ukasema ukweli, wangekupa vidonge vya mwezi mmoja vya kukukinga. Bure! Wewe ukangoja wiki mbili ukaenda kuchukua karatasi!"

"Ningesema nini huko? Kwamba mimi ni malaya?"

"Ungesema tarehe!"

Obare alitaka kumpiga dada yake, Mchungaji akamshika mkono. Kikao kikaisha hivyo.

Kesho yake ndugu wawili wa Cephas walifika kwa Obare na pikipiki, wakatupa mezani kipimo cha kujipima nyumbani, kile cha kupangusa ufizi. "Laini moja, hana!" mkubwa wao akasema. "Ndugu yetu si simu ya kuwa na laini mbili. Mwambieni huyo mama asome."

Celestine alisoma, maana walimwita makusudi. Akakirudisha mezani. "Hiki cha mate ndicho kinachochelewa kuona kuliko vyote. Tena mmekileta kutoka Nyatike mfukoni. Kinasomwa kwa dakika zake, si kesho yake."

Walimwita mchawi. Jumatatu Cephas akaenda mwenyewe kliniki, na Valary na Celestine nyuma yake, akanyoosha kidole kwa mshauri kama anayeomba kugombana. Siku ya thelathini na sita tangu mkanda ulipokatika. Kipimo kikatoka: hana. Akaikunja ile karatasi akamrushia Celestine kifuani. "Umeridhika?"

"Bado."

Mshauri, mama mnene mwenye miwani, ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyesema polepole. Alisema ni dalili nzuri, wiki tano si siku kumi na sita, watu wengi askari wao wanakuwa wameshaitika. Lakini si wote. Alisema iko damu inayotolewa kwenye mshipa wa mkono na kupimwa kwa mashine ya maabara, hiyo inatafuta askari na kipande cha mdudu mwenyewe pamoja, na kwa mwezi mmoja na nusu inakuwa imeshaona. Iko na nyingine inayomtafuta mdudu peke yake, inaona mapema zaidi, ndiyo hutumika kwa watoto wachanga. Hapo kwake hana hizo mashine. Angewaandikia barua waende Kisumu. Wasipokwenda, basi kidole tena baada ya miezi mitatu kamili, na katikati wasikutane bila kinga.

"Sipelekwi Kisumu kama ng'ombe wa mnada," Cephas akasema.

"Basi Novemba," akasema Valary. Wote walimgeukia. Alikuwa anatazama ukuta. "Nitangoja. Na si kwa sababu yako, waya. Usifikirie ni kwa sababu yako."

Miezi miwili ile ilikuwa ya chuki tupu. Upande wa Cephas ulituma ujumbe kwamba wanataka ng'ombe wao au bibi harusi wao. Obare hakumsalimia dada yake hata kwenye mazishi ya shangazi yao. Sokoni wateja waliivuka meza ya Celestine wakanunua omena yenye mchanga kwa jirani yake, na siku moja alitoka kwenda kunywa maji akarudi akakuta gunia zima limemwagwa kwenye tope la mtaro, na hakuna aliyeona kitu. Aliokota alichoweza. Hakulia mbele yao. Aliwatukana kwa Dholuo, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao.

Wala asikudanganye mtu kwamba alikuwa anateseka kwa upendo mtupu. Alimpenda Valary, ndiyo, alimbeba mgongoni huyo. Lakini pia alikuwa anangoja. Kila asubuhi alipiga mstari kwenye kalenda ya duka la mbegu, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Tarehe nne Novemba, siku ya tisini na tatu, walirudi kwa yule mama wa miwani. Celestine alitaka kungoja kwenye benchi, kama utaratibu ulivyo. Cephas akakataa. "Aingie. Asije akasema tulihonga." Mshauri akamuuliza mara mbili kama anakubali majibu yake yasikike na mtu mwingine, naye akasema ndiyo, aandike hata kwenye gazeti.

Wakaketi wanne katika chumba cha watu wawili. Valary alipimwa, Cephas akapimwa. Dakika zikahesabiwa kwa saa ya mezani. Cephas aliisogeza ile saa karibu yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na alikuwa anaogopa. Valary alimwona, akampa mkono, naye akaushika.

Mshauri aliinamisha miwani, akatazama vipimo, akavitazama tena. "Hana," akasema. "Wote wawili hamna. Na kwa jambo lile la Agosti, sasa siku zimetimia. Cephas, huna."

Cephas aliinamisha kichwa magotini akalia kwa sauti. Valary alicheka huku analia, bila kufunika mdomo, akageuka kutafuta mtu wa kucheka naye, na mtu aliyekuwa karibu ni waya wake.

Ndipo alipouona uso wa Celestine.

Sijui niuelezeje. Uso ulianguka. Ni kwa muda mfupi, mtu asiyemjua asingetambua, lakini Valary alilelewa akiutazama uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyenyimwa kitu. Miaka kumi na mitano Celestine alikuwa amejiambia kwamba aliyeingia katika siku zile hatoki, kwamba yeyote angeumia, kwamba haikuwa bahati mbaya tu ya Celestine binti Adero. Na sasa kijana mwongo, mwenye pengo, aliyefanya alichofanya Austine, ametoka mzima na mtu wa kumshika mkono.

Kicheko cha Valary kikakatika.

"Waya," akasema. "Ulitaka awe nao."

Mshauri akasema, "Jamani, mama alifanya vizuri kusisitiza, ndivyo inavyotakiwa," lakini hakuna aliyemsikiliza. Cephas aliinua kichwa. Celestine angeweza kukana. Kwa mwanamke aliyetukanwa na kaunti mbili, uongo mmoja ungekuwa halali yake, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha kwamba ni uongo. Hakukana.

"Kidogo," akasema. "Kidogo tu, mwanangu."

Valary alisimama. Aliuchukua mkoba wake, akamwinua Cephas kwa kiwiko. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Harusi ni tarehe thelathini," akasema. "Usije. Nikizaa usije. Baba alikuwa anasema wewe ni mbaya nikadhani ni maneno ya hasira."

"Sitakuja," Celestine akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Kisha, walipokuwa wameshafika mlangoni, akainuka nusu kwenye kiti, sauti imepanda, ile ile ya sokoni ambayo watu wanaichukia. "Lakini ukishika mimba mpimwe tena, Valary! Wote wawili, unasikia? Siku ya kwanza ya kliniki!"

Valary alikuwa ameushika mlango. Alisimama mgongo kwao hadi waya wake alipomaliza, kisha akaubamiza.